Barua Iliyoandikwa Vizuri Mno

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Daktari wa gereza ameniambia niandike mistari michache kila siku kwa mkono wa kushoto, la sivyo utabaki kuwa mkono wa kushikia sahani tu. Dada yangu ndiye aliyeniletea daftari hili. Sentensi mbili za kwanza zimenichukua muda mrefu mpaka chai imepoa.

Humu ndani naitwa Randa, kwa sababu nilikuwa fundi seremala. Nimefungwa miaka minne kwa kununua mbao za wizi nikijua kabisa ni za wizi. Hilo silibishi. Ninalobisha ni la mkono. Novemba iliyopita msumeno wa mashine wa karakana ya gereza ulinikata vidole vinne vya mkono wa kulia. Kimebaki kidole gumba, kimesimama peke yake kama abiria aliyeachwa kituoni. Nimelishtaki gereza, na leo tumemaliza barua ya kuiomba mahakama inipe wakili.

Nasema tumemaliza, lakini aliyeandika ni Mzee Karani, ninayelala naye seli moja. Huko nje alikuwa karani wa halmashauri miaka ishirini na sita. Ndiye aliyeniandikia hata hati ya madai yenyewe. Mwandiko wake umenyooka hadi unadhani amepiga mstari chini kisha akaufuta. Alinisomea barua yote, kurasa tatu. Sikuelewa maneno yote ila nilijiona mtu mkubwa.

"Hakimu akiisoma hii," alisema, "atasimama kwa heshima."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mkono wa kushoto unauma.

Jumapili, 10 Machi

Dada alikuja, viatu mkononi, ameloa hadi magotini. Yeye ni mfanyakazi wa usafi hospitalini na Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika. Barua aliyoachiwa getini ameifikisha masjala ya mahakama Ijumaa kabla ya zamu, ikagongwa muhuri.

"Mwenye dirisha ameniuliza kama ndugu yangu ni mwanasheria," alisema. "Nikamwambia ni mjinga tu, lakini ana rafiki."

Tulicheka. Kisha akauliza kama kweli wakili atapatikana. Nilimweleza alivyonieleza Karani: mtu aliyeshtakiwa kwa kuua anapewa wakili bila kuomba, lakini kwenye kesi ya madai mahakama hailazimiki. Hutoa ikiona haja.

"Haja si inaonekana?" Dada alisema, akiutazama mkono wangu. Halafu akatazama pembeni.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerudishwa karakana, kazi yangu ni kufagia. Mabati yanavuja sehemu tatu na vumbi la mbao limekuwa uji. Msumeno bado upo palepale. Sasa una kinga mpya, bati zito lililopakwa rangi ya njano, linafunika meno yote. Liliwekwa siku moja baada ya mimi kupelekwa hospitali.

Afande wa karakana tunamwita Rula kwa sababu haiachi rula yake hata akienda chooni. Leo aliigonga kinga kwa rula mara mbili, akaniambia, "Umeona? Kila kitu kipo sawa." Nilisema ndiyo afande. Ningesema nini.

Jumanne, 19 Machi

Karani ananifundisha kuandika herufi r bila kuichana karatasi. Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Jibu limekuja. Nitajaribu kulinakili sehemu ile, maana bado siamini macho yangu.

"Mahakama imesoma ombi la mdai kwa makini. Ombi limeandikwa kwa ufasaha, kwa mpangilio mzuri, na linaonyesha uelewa wa kutosha wa sheria. Mahakama imeridhika kuwa mdai anao uwezo wa kuendesha kesi yake mwenyewe. Ombi limekataliwa."

Karani alikuwa akinisomea. Alipofika kwenye neno ufasaha alitabasamu. Alipofika mwisho tabasamu bado lilikuwa usoni, kana kwamba mdomo haujapata habari. Akarudi juu akasoma tena kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimesimama, nikakaa chini sakafuni. 

"Wanasema sihitaji mtu," nilisema.

"Wanasema hivyo."

"Kwa sababu ya barua."

Alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena. "Nimekuandikia vizuri mno, mwanangu," alisema.

Mimi ninayeshindwa na herufi r.

Ijumaa, 22 Machi

Sina la kuandika.

Jumanne, 2 Aprili

Karani ameitwa ofisini asubuhi, amerudi wakati wa chakula. Nilimuuliza walitaka nini. Akasema, mambo ya madaftari ya karakana. Maana kule karakana kazi yake ni kuandika: mbao zilizoingia, zilizotoka, mashine iliyoharibika, siku gani. Hakula. Nilidhani bado anajilaumu kwa ile barua, nikamwambia asijitese, makosa si yake. Alinitazama muda mrefu kidogo.

Alhamisi, 4 Aprili

Wamemhamishia Karani wodi ya wagonjwa. Amekusanya vitu vyake kwa haraka bila kunitazama. Sikujua kama anaumwa. Seli imekuwa kubwa ghafla. Mvua haijakatika tangu juzi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepewa bahasha nene leo. Ni majibu ya utetezi, yaani upande wa gereza. Nilikaa karibu na dirisha kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, nikasoma polepole nikifuata kwa kidole gumba.

Wanasema kinga ya msumeno ilikuwepo siku zote. Wanasema niliing'oa mwenyewe asubuhi ile ili nimalize kazi mapema, na kwamba nilikuwa nikifanya mzaha na wenzangu mashine ikiwaka. Nilikuwa nimejiandaa kusoma uongo, basi hayo hayakunishtua. Nikafungua karatasi ya nyuma. Ilikuwa hati ya kiapo ya shahidi aliyeona kwa macho yake.

Shahidi ni Mzee Karani.

Nilidhani ni mtu mwingine mwenye jina kama lake. Nikatazama sahihi. Sahihi ile naijua. Amenifundisha yangu kwa kunionyesha yake. Nikasoma tena kutoka juu. "Mimi nikiwa mtunza daftari wa karakana, niliona kwa macho yangu mdai akiondoa kinga." Nikasoma mara ya tatu, safari hii kwa sauti, kama alivyokuwa akinisomea yeye, nikitumaini masikio yatasikia kitu tofauti na macho.

Mtu huyu alinilisha kwa kijiko wiki nzima nilipotoka hospitali. Alinifunga vifungo vya shati. Alikaa na mimi hapa, goti kwa goti, akaniuliza: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa kushoto kwako, damu ilitoka vipi, akaandika yote. Sasa ameapa kwamba nilijikata mwenyewe kwa utani.

Nilizikunja karatasi, nikazisukuma chini ya godoro. Si hasira. Hasira ninaijua. Hiki ni kitu kingine, kama ile nukta msumeno uliponipitia: nilikuwa naviona vidole vyangu kwenye vumbi la mbao na bado sijasikia maumivu, nikawa najiuliza ni vya nani.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikula.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Dada alisoma kiapo kile kupitia wavu, mimi nikiwa nimekishikilia upande wangu. Alimaliza. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Yule yule aliyekuwa akinitumia salamu?" aliuliza.

"Yule yule."

"Aliyesema mboga nilizoleta zimempendeza?"

"Dada, ndiye."

Afande akasema dakika tano. Ndipo Dada akasogea karibu na wavu. "Sasa nisikilize, mdogo wangu. Andika ombi jingine. Andika wewe mwenyewe."

"Mwandiko wangu ni aibu."

"Ndiyo maana. Acha wauone."

"Lugha ya mahakama siijui."

"Unajua ya kwetu. Wamwage wino wao, wewe sema lililokupata."

Ijumaa, 19 Aprili

Siku tano kuandika ukurasa mmoja. Karatasi nne nimezichana. Nanakili hapa nilichopeleka.

"Mheshimiwa Hakimu. Mimi ndiye yule mliyesema najua kuandika. Sijui. Barua ya kwanza niliandikiwa. Hii nimeandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia hauna vidole. Gereza lina wakili. Mimi nikitaka shahidi siwezi kutoka kwenda kumtafuta. Nikitaka kuona madaftari ya karakana naambiwa si yangu. Sasa wameleta shahidi na mnasema nitamhoji mwenyewe. Huyo mtu alinilisha kwa kijiko. Siwezi kumhoji, nitalia. Naomba mtu anayejua kuuliza."

Nilimpa afisa wa ustawi wa wafungwa. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akasema ataipeleka Jumatatu mwenyewe, asisubiri gari la Jumatano.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilimwona Karani uwanjani kwa mbali, kwenye foleni ya dawa. Alinyanyua mkono nusu, akaushusha. Nikageuka nikafagia mahali palipokuwa safi.

Jumanne, 30 Aprili

Nimepelekwa mahakamani. Pingu mkono wa kushoto tu; wa kulia afande hakutaka kuugusa. Hakimu ni mwanamume mwembamba mwenye mafua. Alikuwa ameziweka barua zangu mbili mbele yake, moja kulia, moja kushoto.

"Hizi hazikuandikwa na mtu mmoja," alisema.

Nilidhani nimeidanganya mahakama na sasa naongezewa kifungo. Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa. Ya kwanza niliandikiwa na mfungwa mwenzangu."

Wakili wa serikali alisimama akasema kwamba mahakama imeshaamua, na kwamba kila mfungwa akipewa wakili kwa kila mkwaruzo magereza yatageuka ofisi za mawakili. Alilisema kwa upole sana. Hakimu alipenga kamasi.

"Mkwaruzo," alisema. Akaniambia ninyanyue mkono wa kulia. Nilinyanyua. Chumba chote kilitazama, na mimi nikautazama kama wa mtu mwingine.

Akaandika. Kisha akasoma alichoandika: mahakama inabadili uamuzi wake wa awali, mdai atapewa wakili.

Sikusema asante. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kushusha mkono.

Jumatatu, 6 Mei

Wakili amekuja. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, faili zake amezifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Alianza kwa kufuta meza kwa kitambaa chake mwenyewe. Akaniuliza maswali kwa saa nzima bila kuonyesha kama ananiamini au haniamini. Kisha akaifungua hati ya madai.

"Hapa umeandika kinga iliondolewa siku kumi na tisa kabla ya ajali, kwa amri ya afande, kwa sababu mbao nene zilikuwa hazipiti. Umejuaje ni kumi na tisa?"

Nilikisogeza kitambaa chake mezani.

"Ulihesabu?"

"Hapana."

"Basi nani alihesabu?"

Nilijua nikisema nitakuwa nimeungama kuwa hata hati ya madai si ya mkono wangu. Nilipiga moyo konde. Nikasema, aliyeihesabu ni yule aliyeniandikia. Alikuwa anatunza daftari la karakana. Mimi nilijua tu kwamba ni siku nyingi.

"Na aliyekuandikia ni nani?"

"Ni huyohuyo shahidi wao."

Aliacha kuandika. Kalamu ilibaki hewani. "Rudia," alisema.

Nilirudia. Akavuta ile hati ya kiapo, akaiweka kando ya hati ya madai. Sahihi chini ya moja, kurasa nne za mwandiko kwenye nyingine. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Umekaa na hii tangu Aprili?"

"Niliona aibu. Nilidhani ni kosa kuandikiwa."

Alivua miwani, akajikanda macho. "Ndugu yangu," alisema, "hiki ndicho kinachoitwa kesi. Ulikuwa umekikalia."

Karibu mwezi mzima nilikuwa nacho chini ya godoro, na ningekwenda mahakamani bila kukitaja.

Jumanne, 14 Mei

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa choo cha pili umeanguka. Hakuna aliyeumia.

Jumatatu, 20 Mei

Leo ilikuwa siku ya kusikilizwa. Dada alikaa benchi la nyuma na sare yake ya kazi. Rula alikuwepo, bila rula, hajui mikono aiweke wapi. Alitoa ushahidi wake kwanza: kinga ilikuwepo, mfungwa aliing'oa. Kisha akaitwa Karani.

Alitembea polepole kufika kizimbani. Amekonda. Aliapa. Wakati huo mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hata wakili wa serikali akawa anapaza sauti. Karani alijibu yote kama kiapo kilivyosema. Niliona kwa macho yangu. Mdai aliondoa kinga. Hakunitazama hata mara moja.

Wakili wangu alisimama. Hakwenda karibu naye. Alimpa mhudumu wa mahakama ile hati ya madai, naye akampelekea Mzee Karani.

"Mzee wangu, mwandiko huo unaufahamu?"

Karani alipokea. Alifunua hadi ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza. Alisema kitu.

"Sauti, shahidi," Hakimu alisema. "Mvua."

"Ni wangu."

"Soma aya ya sita."

Alisoma. Siku kumi na tisa. Amri ya afande. Mbao nene. Alipofika katikati sauti ilizama na Hakimu akamwambia tena, sauti. Basi Mzee Karani, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu nimjue, aliyasoma yale maneno kwa kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Wakili wa serikali alisimama, akakaa.

"Umeandika mambo mawili, mzee wangu," wakili wangu alisema. "Moja kwa mwandiko wako, jingine kwa sahihi yako. Lipi uliliona?"

Aliiweka hati chini. Sisi sote tulisikiliza mabati.

"Nilichoandika kwanza ndicho nilichoona," alisema kwa sauti kubwa. "Hicho kingine niliandikiwa."

Rula alitoka nje. Hakimu alimwambia afande wa mlangoni amrudishe. Nilitafuta ndani yangu furaha, sikuipata. Nilikuwa natazama mdomo wa yule mzee, uliobaki wazi kidogo, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kushangaa.

Jumanne, 21 Mei

Wote karakana wananijia kunipa mkono. Nawapa wa kushoto. Rula hayupo, tumeletewa afande mwingine.

Jumatano, 5 Juni

Hukumu imesomwa. Gereza ndilo lenye kosa. Ile sehemu ya kinga Hakimu aliisoma mara mbili. Fidia itapangwa baada ya ripoti ya daktari. Kuhusu kiapo cha uongo, mahakama imeelekeza wachunguzwe wote wawili, aliyeapa na aliyeandaa.

Dada alilia wazi wazi, kisha akakasirika kwamba analia, kisha akakimbia asichelewe zamu. Wakili alinipa mkono wa kushoto bila kukosea. Alisema gereza linaweza kukata rufaa lakini haitafika mbali.

Ijumaa, 7 Juni

Leo mvua haijanyesha. Baada ya chakula cha mchana mlango ulifunguliwa na Mzee Karani akasukumwa ndani na kifurushi chake. Wamemtoa wodi ya wagonjwa. Afande alisema, "Umerudi kwenu," akafunga.

Alisimama katikati ya seli. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwangu. Tangu Aprili nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia siku tukiwa wawili, mengine machafu. Yote yalinitoka. Nikamuuliza neno moja tu.

"Walikuahidi nini?"

Nilitegemea aseme kupunguziwa kifungo. Au kuhamishiwa gereza la karibu na wajukuu wake. Kitu kizito ambacho na mimi ningeweza kukipima, nikasema labda hata mimi.

"Kitanda cha chini," alisema.

Nikadhani sijasikia.

"Kule wodini kuna vitanda vya chini. Magoti yangu hayapandi tena. Waliniambia nikitia sahihi nitalala kule mpaka nimalize kifungo."

Nilimtazama. Kisha nikatazama kitanda cha juu, na ile ngazi ya chuma yenye vipago vitano. Wakati wote ule alikuwa akipanda taratibu, akisimama katikati, na siku moja aliteleza nikacheka, naye akacheka.

"Kwa nini hukuniambia?" nilisema. "Ungeniomba. Mzee wangu, si ungeniomba hiki?"

"Ningekuombaje?" alisema. Hakuwa na hasira. "Hicho kilikuwa changu. Uliporudi kutoka hospitali na ile bandeji nikaona mtu wa mkono mmoja hawezi kupanda. Nikamwambia afande mimi napenda juu, kuna hewa. Nilifikiri ni wiki mbili."

Sikulijua hilo. Naapa sikulijua. Nilirudi na homa, nikaamka nimelala chini, nikadhani ndivyo gereza lilivyopanga. Miezi mitano nililala kwenye kitanda cha yule mtu, naye juu yangu akisikiliza magoti yake, akishuka kila asubuhi kuja kunifunga vifungo.

Nilinyanyuka kumpisha. Akalala, uso ukutani, viatu bado miguuni. Nilijaribu ngazi. Kidole gumba kilishika kipago cha kwanza, kikateleza.

Nimekaa sakafuni naandika haya. Yeye yuko chini, sijui kama amelala. Juu hakuna mtu.